Faranga Zilizopigwa Pasi

Mbele yangu kwenye dirisha la gishe ya benki, hapa Kamina, mama muuza samaki alisukuma bunda la faranga zilizonyooka kama shati la Jumapili. Ukutani, tangazo la Benki Kuu lilituagiza tutunze noti zibaki safi.

Karani alizigeuzageuza, akazirudisha. «Mama, hizi ziko safi sana. Zinafanana za uongo.»

«Ile juma ilipita mulizikatala, mulisema zinanuka samaki. Njo nilizifula, nikazipiga pasi.»

Karani akatikisa kichwa. Mama alitoka, akazisugua ndani ya kitunga chake cha samaki mpaka zikalegea, akarudi.

Karani akakunja pua. «Sasa hizi njo feza,» akasema, akagonga muhuri.

Nilipoitwa, noti zangu mpya nilikuwa nimeshazikunjakunja, huku nikilisoma tena lile tangazo.