Mtaa Uliolala Mchana

Wodini walimwita Bi Popo, naye hakununa. Mtu aliyefanya zamu ya usiku tangu ujana wake hadi kustaafu, anazalisha watoto wa watu huku wenzake wanakoroma, ungemwitaje? Mchana ndio alilala, au tuseme alijaribu. Alikopanga kulikuwa na fundi wa mabati upande mmoja, na upande wa pili kinamama wapiga soga wasiochoka. Alikuwa akijifunika mto kichwani na kuapa, "Nikinunua nyumba yangu, nitanunua na kimya chake!"

Siku ikafika. Dalali akampeleka kwenye mitaa miwili iliyopakana, ukuta tu katikati. Nyumba rangi moja, bei moja, mapaa yaleyale. Dalali mwenyewe alikiri, "Mama, hawa ni mapacha. Chagua tu unayempenda." Lakini Bi Popo alikuja na kipimo chake. Alisimama katikati ya kila mtaa, mchana kweupe, akafumba macho kama anayesali. Mtaa wa kwanza: mtoto analia, nyundo inagonga, mwanamke anamwita mwenzake juu ya ua aje achukue ungo wake. Mtaa wa pili: kimya, hata kuku hakuna.

"Huu," akasema.

Mdogo wake aliyemsindikiza akamvuta kando. "Dada, wewe si umestaafu? Sasa utalala usiku kama binadamu wengine. Kimya cha mchana cha nini tena?"

"Wewe hujalala huku mabati yanagongwa. Niache."

Mazoea yana taabu, jamani! Mwanamke alinunua nyumba ya kumfaa mtu ambaye yeye mwenyewe hakuwa tena.

Mwanzoni alifurahi. Kisha akaujua ukweli wa mtaa wake: watu wote hutoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Geti linafunguka, gari linaingia, geti linafungwa, basi. Kutwa nzima mtaa aliachiwa yeye. Alifagia uwanja usio na hata jani. Redio iliongea asubuhi hadi jioni naye akaijibu, wakati mwingine akaigombeza. Vicheko alivyokuwa akivikimbia alivisikia ng'ambo ya ukuta, na alivionea wivu, tusifichane. Upweke ulimkaba. Akiingia kuoga alijiuliza: nikiteleza hapa, nani atajua? Alichokitaka sasa ni kimoja tu, jirani wa kushinda naye.

Nyumba ya pembeni yake ilikuwa tupu. Mchana mmoja geti likagongwa, akakimbia kama anayeitwa leba. Mume na mke, mke mjamzito.

"Shikamoo, mama. Tunataka kununua hii ya pembeni. Tumeona na nyingine ng'ambo ya ukuta, tumeshindwa kuzitofautisha. Mtaa huu ukoje?"

Aliwaingiza ndani, akawamiminia chai. Jicho lake likaenda tumboni bila kuagizwa: mtoto ameshashuka, hakawii huyu. Kichanga, pembeni yake! Aseme tu "mzuri", na jirani amempata.

"Mwenzio anashinda nyumbani?" akamuuliza mke.

"Wapi! Yeye ni wa safari. Nitakuwa mwenyewe na mtoto."

Bi Popo akakoroga chai aliyokwisha kuikoroga. "Mwanangu, hapa ukipata shida mchana nitakusikia mimi peke yangu, nami ni mzee. Nendeni ng'ambo. Huko wana kelele, lakini watakujia."

Walimshukuru, wakanunua ile ya ng'ambo, wakaahidi kuja kumsalimia. Hawakuja. Mwenye kichanga hana miguu, alijiambia, akaosha vikombe vitatu alivyokuwa ameviweka tayari, akavirudisha kabatini.

Hadi mchana mmoja, kilio chembamba kikapanda ukuta. Bi Popo akazima redio, akatoka nje kusikiliza. Si njaa hiyo. Ni gesi tumboni! Mama wa watu alikuwa akibembeleza tu, naye sasa analia. Bi Popo akauegemea ukuta, akaitoa ile sauti ya wodini.

"Mweke begani! Msugue mgongo, taratibu, toka chini kwenda juu!"

Kilio kikaendelea, kikapungua, kikakatika.

"Nani huyo?" sauti ikauliza ng'ambo.

Tangu ahamie, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Bi Popo alifungua mdomo, machozi yakatangulia.

"Ni mimi," akasema alipoweza. "Wa upande huu."