Bilauri Sita za Wageni wa Puge

Njoo ukae karibu, wewe unayenisikiliza, kwa sababu habari ya bilauri za bia inataka kuelezwa polepole. Nasema zile nene, zenye kitako kizito na mkono wa kushikia kama wa kikombe. Mimi nilipata sita, miaka michache baada ya vita kuu ya pili, tulipokuwa tukikaa Tabora, upande wa njia ya Kipalapala. Mume wangu alifanya kazi ya reli, na siku za mapumziko alitundika mizinga porini. Mwaka ule nyuki walitupenda. Tukapeleka debe la asali kwa Mwarabu mmoja mwenye duka karibu na soko, naye akafungua sanduku lililojaa majani makavu.

“Chagua, binti yangu,” akasema. “Kileo hakijapita kooni mwangu, lakini kioo nakijua kuliko hao wanaokunywa.”

Ndiye aliyenifundisha. Bilauri ishike ikiwa imejaa maji, si tupu, uone kama vidole vinne vinaingia kwenye mkono wake bila kubanana. Kisha igonge ukingoni kwa ukucha. Ikilia ngiii, kama kengele ndogo, chukua. Ikijibu tk, kama chungu, ina ufa ambao bado hujauona. Mwisho fumba macho, upitishe kidole ukingoni taratibu, utafute mahali panapokwaruza. Niligonga kila bilauri iliyokuwemo sandukuni, wateja wakaanza kucheka, na Mwarabu akaniuliza kama nanunua vyombo au naanzisha ngoma.

Nyumbani sikuweza kuziacha zitulie. Moja niliipimia mchele. Moja niliikatia maandazi, yakatoka mviringo safi kabisa, majirani wakadhani nimenunua mashine. Jumamosi nyingine nilizijaza maua zote sita nikazipanga dirishani, nikatoka nje kwenda kuzitazama kutoka barabarani.

“Mke wangu,” mume wangu akasema, “siku utakapokwenda misa na moja kichwani, mimi nitakaa benchi la nyuma.”

Lakini zilikuwa na kazi yao hasa, nayo ilikuwa inakaribia. Mdogo wangu wa kike, niliyemlea tangu mama yetu afariki, alikuwa ameposwa na fundi seremala wa Puge. Wazee watano wa upande wa kijana walikuwa wanakuja kutoa neno la mwisho. Wakinywa pombe yetu, wamekubali. Wakiondoka bila kuinywa, posa imekufa. Mdogo wangu alimpenda fundi yule mpaka alikuwa akitia chumvi kwenye chai.

Nikatengeneza pombe ya asali, ya njano, yenye povu jeupe. Barafu hatukuwa nayo, wala huihitaji. Tafuta mtungi wenye mdomo mpana, wa udongo uliozeeka, ule unaotoa jasho ubavuni. Mpya haufai. Uweke kivulini panapopita upepo, juu ya mchanga uliolowa, utie maji ya kisima robo yake. Pitisha fimbo kwenye mikono ya bilauri tatu, na fimbo nyingine kwenye tatu zilizobaki, uzilaze fimbo hizo mdomoni mwa mtungi ili bilauri zining'inie ndani bila kugusa maji. Funika kwa gunia bichi. Gunia likikauka, lirushie maji. Usichoke, ndiyo kazi yenyewe. Upepo mkavu wa Agosti utakufanyia mengine. Kibuyu cha pombe nacho kizike nusu kwenye mchanga huohuo. Nilipofunua mchana ule, bilauri zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni alfajiri, na unyevu wa mtungini ulikuwa umezishika. Nilipiga kigelegele peke yangu uani.

Sasa sikiliza kosa langu. Kwetu, mama aliyetengeneza pombe huonja kwanza, mbele ya wageni, kutoka kwenye kibuyu chenyewe. Akishameza, watu wanajua haina ubaya, kibuyu kinazunguka. Hilo nililijua tangu utotoni. Lakini nilitaka wazee waone bilauri zikiingia zimejaa, na povu juu. Basi nikaonja jikoni, kwa kata, nikajaza jikoni, nikaingia na sinia.

“Shikamooni, baba zangu!”

“Marahaba, mama.”

Wakapokea bilauri, wazee watano na mume wangu wa sita. Wakazitazama. Wakazigeuza kwenye mwanga. Mmoja akajifuta vidole vilivyolowa, akatabasamu. Hakuna aliyekunywa.

Nilingoja. Povu likaanza kuzama. Nyuma ya pazia nikaona mdogo wangu ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Mzee mkubwa wao, aliyekuwa mwembamba na mwenye sauti ya chini, akaweka bilauri yake kwenye goti. “Mama, pombe hii ni nzuri ya kutazama. Tutaitazama mpaka saa ngapi?”

Aliyekaa kando yake, mnene, akadakia, “Labda huku mjini mgeni ndiye anayeonja. Akianguka, wanapika nyingine.”

Ndipo nikaelewa nilichokosea. Nikachukua bilauri ya yule mnene, nikanywa mbele yao, nikamrudishia.

“Ya ndugu yangu imepona,” akasema mzee mkubwa. “Yangu je? Haikutoka kwenye bilauri yake.”

Alikuwa na haki. Kibuyu kimoja huonjwa mara moja, lakini hapa palikuwa na vyombo sita, na kila kimoja kimejazwa mahali wasipopaona. Nikachukua yake nikanywa. Nikachukua ya tatu.

“Hapo umebusu kioo tu!” mnene akalalamika. “Meza, tuone koo linapanda na kushuka.”

Nikameza. Ya nne nikameza. Mimi sikuwa mnywaji, na pombe ya asali ni tamu, haikuambii inakokwenda. Kufika ya tano nyumba ilikuwa imeanza kuchekesha. Ya sita ilikuwa ya mume wangu, nikainywa huku nikimkonyeza mbele ya wazee wa watu.

“Mke wangu, keti,” akanong'ona.

“Nimekaa,” nikamjibu, nikiwa nimesimama.

Mzee mkubwa akainua bilauri yake kwenye mwanga wa dirisha, akaweka kidole ubavuni. Kioo hakifichi kitu. Akaipeleka karibu na ya jirani yake, kisha na nyingine. “Za wenzangu zimepungua kidogo. Yangu imepungua vidole viwili. Mama, nimekukosea nini?”

Ningeweza kuomba radhi. Badala yake mdomo ukafunguka wenyewe. “Baba, hujanikosea. Wewe ndiye niliyekuogopa zaidi, ndiyo maana yako nimeinywa zaidi.”

Mume wangu akafumba macho. Kisha yule mnene akaangua kicheko, akajipigapiga paja, na mzee mkubwa akacheka mpaka pombe ikamwagikia vidole.

“Huyo mdogo wako,” akauliza alipopata pumzi, “naye ana mdomo kama wako?”

“Anao kunishinda, baba.”

“Basi tumchukue upesi, kabla hujampa bilauri.”

Akanywa. Wote wakanywa. Nyuma ya pazia kitu kikaanguka, sufuria nadhani, kisha kikafuata kigelegele kilichofika barabarani. Ndoa ilifungwa baada ya mavuno yaliyofuata, na bilauri mbili nilimpa bibi harusi, nimezijaza asali na kuzifunga kwa kitambaa.

Nawe ukikaribisha wageni wa namna hiyo, zipoze bilauri zako vizuri, lakini ziingize tupu. Leta kibuyu chenyewe mpaka katikati ya wageni, onja humo mara moja wakikuona, kisha umimine mbele ya macho yao, ukianza na mkubwa wao, usawa mmoja kwa kila mtu.