Moto Katika Nyumba Iliyoezuliwa

Harufu ya kahawa iliyomenywa na kulowekwa, ule uchachu unaopanda puani, hunirudisha kwenye msimu tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, kando ya barabara ya Isansa. Nilikuwa darasa la tatu. Wengine walifurahia bomba la maji na shule ya karibu. Mama yangu hakufurahia kitu. Kila alfajiri alirudi bondeni kwenye nyumba yetu ya zamani iliyoezuliwa, akawasha moto katika jiko lisilo na paa, akapika ugali na kutuletea umeshapoa. Baba alinuna kimya. Watu walinong'ona kwamba amerukwa na akili, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi niliogopa kwamba siku moja hatarudi.

Mama Tumaini, jirani yetu mpya kutoka milima ya Ileje, alikuwa mwanakwaya mwenye utani mwingi, nasi tulitarajia atamhubiria mama. Badala yake alifuatana naye bondeni, nami nikawa nyuma yao. Alikaa juu ya jiwe akimenya karanga, akamwomba mama amweleze nani alilala wapi. Mama akaonyesha chumba cha bibi, kisha penye mgomba alipozikwa mdogo wangu aliyekufa kwa surua. Hapo akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi.

"Nikipika kule, huyu nimemwachia nani?"

Mama Tumaini hakumjibu kwa aya ya Biblia. "Sijui, mwenzangu. Niambie alikuwa anapenda nini."

Walikwenda hivyo msimu mzima wa kuchuma kahawa, wala hakuna aliyemharakisha. Jioni moja nilitoka shule nikakuta moshi unafuka katika nyumba mpya. Ugali ule uliniunguza ulimi, nikala huku machozi yananitoka kwa furaha.

Sasa naishi Tunduma. Nilipofiwa na mume wangu, binti yangu alinipeleka kwa mshauri nasaha, msichana mpole aliyenisikiliza bila kunikatiza, nikatoka nimetua nusu ya mzigo. Pale nje, kwenye benchi, wanaume wawili walikuwa wakisubiri zamu yao. Niliwatazama nikamkumbuka baba. Mtoto yule wa penye mgomba alikuwa wake pia, na hadi baba mwenyewe anakufa hakuna aliyemuuliza uchungu wake.