Laini ya Tano Haikukosea

Mimi sijawahi kuwa mtu wa kujishuku, na sitaanza uzeeni. Miaka ya sabini, Makueni ikiwa bado sehemu ya Machakos, nilikuwa fundi wa simu, tena fundi mzuri. Posta ya soko letu ilikuwa na wateja tisa wa simu na opereta mmoja, mama mjane wa watoto wawili, aliyeshinda kwenye swichibodi akichomeka na kuchomoa plagi.

Wiki hiyo tulibadilisha kebo. Mimi nilifunga nyaya za ndani, nyuma ya swichibodi. Mwenzangu, fundi aliyetoka Mutomo, alipanda nguzo akafunga za upande wa sokoni. Tulipomaliza nilijaribu laini moja tu, ya tano, ya chifu. Chifu akaitika, akanisifu. Nikakusanya vifaa vyangu, nikaenda kunywa chai.

Kesho yake soko lilichafuka. Aliyemtaka mwenye bucha alipewa pasta. Mke wa pasta, akingoja habari za mkutano wa akina mama, aliulizwa na Msomali mmoja mchuuzi wa mifugo kama wale mabeberu wamefika salama.

Opereta akalaumiwa, na wa kwanza kumlaumu ni mimi. Nilimwandikia mkubwa wetu Machakos kwamba nyaya ziko sawa, chifu ni shahidi, opereta hayuko makini, heri atafutwe mwingine. Ripoti ikaondoka na mfuko wa barua asubuhi. Nilipomwambia, mama yule hakulia. Alinisukumia karatasi.

"Fundi, hebu angalia. Nikiita namba moja, anashika wa tisa. Nikiita mbili, anashika wa nane. Tatu, wa saba. Kama ni mimi nasinzia, mbona nakosea kwa mpango?"

"Na ya chifu?"

"Tano ni tano. Si hiyo iko katikati?"

Nilikasirika, kwa sababu nilielewa papo hapo. Nilimkuta mwenzangu hotelini akila isyo, mahindi na maharagwe yametapakaa mezani.

"Kwa nguzo ulihesabu nyaya kuanzia wapi?"

"Chini. Kwani wewe?"

"Juu, bwana!"

Nimekulia vilimani, tukichimba matuta na mwethya, kikundi cha majirani wa kusaidiana shambani. Tuta la kwanza ni la juu. Usipoanza na hilo, maji yatabomoa mengine yote. Yeye babake alikuwa mwashi, na hakuna mwashi anayeanza ukuta juu. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka minne, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kumuuliza mwenzake.

Nyaya nilizigeuza kwa saa moja, na nilizigeuza vizuri. Tukapiga laini zote tisa, kila mtu akaitika kwake. Lakini ripoti yangu ilikuwa njiani, na ikifika kabla sijasema kitu, watoto wale wawili wangekosa karo na chakula kwa ajili ya mkono wangu. Njia ya kuiwahi ilikuwa moja tu: simu ya Machakos, na simu ya Machakos ilipita kwenye swichibodi yake.

Nilisimama mbele yake kama mtoto aliyetumwa akapoteza sukari.

"Niunganishe na mkubwa, dada."

Akachomeka plagi, akanipa mkono wa simu. "Iko tayari, fundi. Sema."

Nikasema. Kwamba kosa ni letu mafundi, kwamba mimi nilijaribu laini moja nikajisifu kwa tisa, kwamba aliyeligundua ni opereta. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mkubwa akanitukana inavyostahili.

"Ripoti yako ikifika nitaichana," akamalizia. "Mwambie huyo mama aendelee na kazi."

Nikamtazama. Hakuwa amevua hedifoni hata mara moja.

"Amesikia, mzee," nikasema. "Amesikia yote."