Hasira Aliyoachiwa Bibi

Kila nikipita mbele ya dobi aliye karibu na nyumba yetu hapa Nizwa, mlango wake ukiwa wazi na mvuke wa pasi ukitoka nje, pua yangu husimama kabla ya miguu. Nguo yenye joto, ina unyevu kidogo. Harufu hiyo ikinipata, mimi simo tena barabarani. Nimo chumbani kwa Bibi, mzaa baba, nimekaa chini nimenyoosha miguu, nangoja kanga zipigwe pasi nizikunje.

Bibi yangu alipiga pasi kama watu wengine wanavyovuta sigara. Akiwa na raha zake hapigi. Akiwa na jambo moyoni, ndipo utamwona anatandika blanketi juu ya meza, anamimina kikombeni maji ya waridi ya Jabal Akhdhar, yale yenye harufu ya moshi, ananyunyiza kwa vidole na kuanza. Zinapita kanga, zinapita dishidasha za Babu, yanapita mapazia, na yote yakimalizika anaingia kwenye vitambaa vya kufutia vyombo. Mama alikuwa akichungulia mlangoni na kuninong'oneza, "Leo kafika kwenye soksi. Usimwambie kitu."

Jambo lenyewe tukilijua sote, maana alilisema peke yake, pasi ikienda na kurudi: "Baba kafa na hasira nami. Kafa na hasira nami, baba."

Kama umelelewa na wazee wa Unguja, sina haja ya kukueleza uzito wa maneno hayo. Mzazi akiondoka duniani hujapata radhi zake, utaolewa, utazaa, utajenga, lakini maisha yako yote utakuwa kama mtu aliyekalia kiti chenye mguu mmoja mfupi. Bibi ndivyo alivyokaa. Hata kula alikula upande upande, tayari kuinuka.

Kisa chake kilikuwa hivi. Baba yake alikuwa mtu wa Ibra, huku Omani, akafanya biashara Unguja, akaoa huko, akamzaa Bibi. Bibi angali mdogo, mzee akarudi Ibra kutazama mali ya wazee wake, na huko akabaki. Bibi alipokuwa mkubwa na ameolewa, baba akatuma mtu kumwita. Bibi akasema nitakuja. Bibi harusi mpya, nyumba mpya, Unguja tamu, nani atakwenda jangwani? Akasema nitakuja mwakani, na mwaka ule ukazaa miaka mingine. Alipopanda meli kuja Omani na mume na watoto, baba yake alikuwa ameshazikwa.

Mlangoni Ibra alipokewa na dada wa marehemu, Bi Zuweina, ambaye Bibi alimwita Amma, ndivyo Waarabu wanavyomwita shangazi. Amma hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Bibi naye Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu. Amma akamkumbatia, akalia, akamwambia sentensi moja. Ndani yake Bibi alikamata maneno matatu: amekufa, moyo, na lile la tatu, ambalo lilimwingia kama msumari. Hasira.

Hakuuliza. Wewe ungeuliza? Matanga yalipokwisha, Babu akapata kazi ya serikali Nizwa, na Bibi akashukuru Mungu kwa umbali ule. Tokea hapo kila sikukuu alimpigia Amma simu, akamsalimu, akaikata mapema. Na ile sentensi kila alipoisimulia aliisimulia kwa Kiswahili, kwa hivyo ikakaa humo humo ndani ya Kiswahili, na hapana Mwarabu aliyepata kuisikia tena.

Nilikuwa darasa la nne habari ilipokuja kwamba Amma ni mgonjwa na anataka kumwona Bibi. Siku ile nyumbani kwetu kila kitu kilipigwa pasi. Bibi alitembea kutoka jikoni mpaka mlangoni, mlangoni mpaka jikoni, akasema haendi, akasema anakwenda, akavaa, akavua. Mwisho akanishika bega.

"Rayya, utakwenda na mimi. Utanisemea."

"Bibi, si unajua Kiarabu? Juzi umegombana na muuza vitunguu mpaka akakuomba msamaha."

"Kiarabu changu cha vitunguu, mwanangu. Nitaombea radhi kwa Kiarabu cha vitunguu?"

Hapo nikafahamu kinachomkimbiza. Amma ndiye mtu pekee aliyebaki wa kumsamehe Bibi kwa niaba ya baba yake. Amma akifumba macho, mlango ule umefungwa.

Tukaondoka asubuhi kwa njia ya Sinaw. Ami Nassor, mtoto mkubwa wa Bibi, alikuwa akiendesha. Njia nzima Bibi alifungua dirisha, akafunga dirisha, akalaumu upepo. Tulipofika Ibra, Ami akachukuliwa na wanaume kwenda kunywa kahawa, na Bibi akashukuru, maana hakutaka mwanawe amwone akiomba. Sisi tukaingizwa kwa wanawake.

Amma alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, amelazwa kwenye godoro karibu na dirisha, uso umekunjamana, macho maangavu kama ya kitoto kichanga. Nikamwamkia, nikambusu kichwa. Bibi akakaa chini na abaya lake na mkoba wake, kama mtu anayengoja kuitwa. Hakugusa tende, hakugusa halua. Kahawa ilipomjia akatikisa kikombe, ndiyo kusema basi imetosha, kabla hajanywa.

"Mwambie," akasema. "Mwambie najua baba alikufa na hasira nami moyoni. Nimekuja kutaka radhi."

Sasa nikuambie sisi watoto tulivyokuwa. Tulikuwa na ujanja wetu: neno la Bibi likitushinda kwa Kiarabu, tunalipunguza irabu tu, basi. Wakati tunasema waqt, habari tunasema khabar, na mara nyingi linakubali. Kukasirika kwa Kiarabu nilikujua vizuri, nilikuwa nikikasirikiwa skuli kila siku. Lakini pale, wanawake wote wananitazama, ulimi ukaniganda, nikaishika ile njia ya mkato. Nikasema baba yake alikufa na moyoni mwake mna hasra juu yake.

Amma akafumba macho. "Ee wallahi," akasema kwa Kiarabu. "Hasra. Ndivyo alivyosema mwenyewe, kwa ulimi wake, siku ya mwisho. Fi qalbi hasra aleha."

Bibi hakungoja nimfasirie kwamba ni moyoni mwangu mna hasra juu yake. Neno lile alilifahamu. Akajifunika uso kwa ncha ya shela.

Lakini Amma hakuwa amemaliza. Alikuwa akizungumza na dari, anacheka na analia. Akasema kaka yake kila akisikia mtu amekuja kutoka Unguja alikuwa akienda kumtafuta, kumuuliza: umemwona binti yangu? Yukoje? Keshafika hapa? Na Amma akautoa mkono wake mwembamba kwenye shuka, akauweka juu ya godoro, kimo cha mtoto wa miaka minne. Watu wakimwambia, mzee, binti yako ni mwanamke mzima ana mume, anasema najua, najua, na mkono unabaki pale pale.

Nikachanganyikiwa. Mtu mwenye hasira haulizi hivyo. Mimi mwalimu wangu wa hesabu alikuwa na hasira na mimi, na hakupata kuniuliza kimo.

"Bi Zuweina," nikasema kwa Kiarabu, "hasra ni nini?"

Wanawake wakacheka; mtoto wa skuli hajui hasra! Amma hakucheka. Akanyoosha mkono mbele, kama anataka kuchukua kitu kwa mtu, akaufumba taratibu. Hamna kitu. Akaurudisha kifuani ukiwa mtupu, akaukandamiza pale.

Nikamgeukia Bibi. Kiswahili changu chote kilikuwa cha chakula na cha kutumwa dukani.

"Bibi, siyo hasira ile. Siyo ya kukasirika. Ni kama... unakitaka kitu, unakitaka sana, halafu kimekwenda, hukipati tena, halafu hapa pana... hapa panauma, lakini hukasiriki. Panauma tu."

Bibi akaitoa shela usoni. "Kihoro?"

"Sijui, Bibi. Kihoro ndiyo nini?"

"Kihoro! Kihoro, we mtoto! Hamfundishwi kitu!" Akainuka. Akaenda mpaka ukutani, akarudi, akaenda tena. "Baba alikuwa na kihoro nami? Na mimi miaka yote hii..." Akamwinamia Amma akaanza kumgombeza kwa Kiswahili kitupu: kwa nini hukunambia, kwa nini hukunionyesha kwa mkono kama ulivyoonyesha sasa, ningefahamu, hata kipofu angefahamu! Na Amma anamjibu kwa Kiarabu kitupu kwamba nilikwambia, mlangoni nilikwambia, wewe ukakimbilia Nizwa na simu yako ya dakika moja. Mimi nikasimama kati sijui nimfasirie nani. Hapana aliyekuwa akinihitaji. Walikuwa wameshikana mikono huku wanagombana.

Bibi alipochoka akakaa. Akasema polepole, peke yake, bila mimi, "Amma. Radhi."

Neno hilo lilivuka lenyewe. "Radhi," akasema Amma. "Radhi anesh, ya binti. Radhi, radhi." Na Bibi akachukua tende.

Kurudi, nilidhani atalala. Hatujafika Sinaw akanigusa goti.

"Alisemaje baba yangu?"

"Fi qalbi hasra aleha."

"Hebu sema tena."

Nikasema. Naye akasema nyuma yangu, kwa uangalifu, asije akaitia ile "i" katikati. Hasra. Tena, Rayya. Mimi nilikuwa na kiu, nataka juisi, nataka Ami Nassor asimame kituo cha petroli, lakini kila nikinyamaza goti linaguswa. Nilidhani Bibi anajifunza Kiarabu. Nikajiona mwalimu hasa, nikamsahihisha mpaka herufi ya qaf, nikamwambia aitoe kooni, naye akaitoa kooni, mtiifu kama mwanafunzi wa kwanza.

Bibi hayupo tena, na mimi imenibidi nikue ndipo nifahamu alichokuwa akifanya kwenye kiti kile cha nyuma. Sauti ya baba yake hakuikumbuka. Aliachwa mdogo mno. Maneno yale ndiyo pekee aliyokuwa nayo kutoka kwake, na umri wake wote alikuwa akiyasikia kwa sauti ya mtu mkali, aliyemtunga mwenyewe. Sasa alikuwa akimtunga upya, na hakuwa na kinywa kingine cha kumtungia isipokuwa changu, cha mtoto mwenye kiu na meno yaliyong'oka. Kila niliposema, mzee yule alipungua ukali kidogo. Ndiyo maana hakutosheka.

"Basi, Bibi," nikamwambia, "umeshaijua."

"Bado," akasema. "Sema tena."