Makofi Kilimani

Jirani yangu hapa Tonawanda, Marekani, bibi wa Kizungu aliyestaafu, alinialika twende kilimani kutazama ndege wa baridi. Nilikubali kwa sababu tangu nihamie hapa hakuna aliyewahi kunialika popote. Mbwa wake alivaa koti zito kuliko langu.

Tulipanda kwenye theluji mpaka magoti yakaniuma. Mara kundi la ndege wadogo likatua kwenye majani makavu mbele yetu. Bibi akabana pumzi, akainua darubini. Mimi nikapiga makofi na kupiga kelele kwa nguvu zangu zote. Wakaruka wote, wakapotea.

Sikukusudia. Utotoni, katika kambi ya wakimbizi kule Tanzania, kazi yangu ilikuwa kuwinga ndege kwa makofi na kelele kwenye kijishamba chetu cha mtama. Wakishiba wao, sisi tulilala njaa. Miaka yote hii, na mikono yangu bado haijatoka kambini.

Bibi hakunigombeza. Alimpakata mbwa wake aliyeshtuka, akambembeleza njia nzima ya kushuka. Kuhusu mimi, hata hakuuliza nilishtushwa na nini.