Baba wa majani

Leo nimetaka kutapika, na si juu ya harufu ya nzi wenye kuoza!

Mu jardin yetu ya mimea nilizalisha mumea mupya wenye kula nzi, chotara wa aina mbili. Kanuni ya kuandika jina yake iko hivi: mama, ule mwenye kubeba mbegu, anatangulia.

Citoyen directeur, mukubwa wetu wa kazi, akafuta, akaweka baba mbele.

"Citoyenne, hapa Zaïre mutoto ni wa baba!"

Wenzangu wakapiga makofi. Pouah!

Nikamuuliza: "Na wale watoto ulizaa na Kasha, mbona wanaitwa jina ya mama yao?"

Mungekuwa mimi, mungenyamaza? Mutu alikataa damu yake mbele ya famille nzima ya Kasha, leo anagombania ubaba wa majani!